ALIYEFUNGA SOKO ANA DENI LA SOKO



Amri ya kufunga haikawii kufika Biliqo. Hutangazwa Nairobi jioni, na alfajiri tayari kuna mtu wa kuitekeleza. Msaada wa yule aliyefungiwa riziki yake ndio unaokawia, nao aghalabu hupotelea njiani kama maji ya Ewaso Nyiro yanayomezwa na mchanga kabla ya kuwafikia walio chini ya mto. Je, ni serikali ya namna gani hii ambayo mkono wake wa kukataza ni mrefu, na mkono wake wa kuinua ni mfupi?

Tunaandika juu ya Biliqo, kijiji cha wadi ya Chari katika kaunti ndogo ya Merti, Isiolo, kwa sababu ukitaka kuipima serikali usiipime mlangoni pa ofisi zake. Ipime pale barabara ya lami inapokoma. Na tunaandika sasa, wakati hakuna karantini wala kafyu, kwa sababu madai yanayotolewa siku ya msiba hujibiwa kwa pole, ilhali madai yanayotolewa mapema yaweza kujibiwa kwa sheria.

WANAOSEMA BILIQO HAINA WAFANYABIASHARA

Wapo waheshimiwa wanaoamini kwamba watu wa Biliqo ni wafugaji tu, na kwamba biashara ni jambo la mjini. Huo ni ujinga, na mara nyingi ni ujinga wa makusudi. Mfugaji asiyeuza mbuzi hali unga, hanywi chai, halipi karo. Mbuzi mmoja anayetoka boma la Biliqo huwalisha watu wengi kabla hajafika mezani. Yupo kijana anayempeleka kwa miguu hadi mnadani Merti, yupo dalali anayesimama kati ya muuzaji na mnunuzi, na yupo mama mwenye kibanda anayewauzia wote wawili chai na chapati. Yupo wa bodaboda, yupo mwenye duka la sukari na majani ya chai anayekopesha hadi siku ya soko. Yupo mpakizi wa lori, na huko mwisho yupo mchinjaji wa Kiamaiko, Nairobi, anayesubiri mbuzi wa kaskazini kila siku ya Mungu.

Vivyo hivyo kwa maziwa ya ngamia. Wanawake wa Isiolo, wakiwemo wa ushirika wa Anolei, wameijenga biashara hiyo kwa mikono yao wenyewe, na soko lake kubwa ni mtaa wa Eastleigh. Maziwa hayo hayana subira. Yakilala njiani huchacha, na yakichacha mtaji wa mama huyo umemwagika pamoja nayo.

Hao ndio wafanyabiashara tunaowatetea. Hawana hesabu zilizokaguliwa wala wakili wa kuwaandikia barua. Mtaji wao ni sufuria, jerikeni, mzani na jina jema. Soko likifungwa majuma manne mfululizo, mtaji wao huliwa nyumbani, na siku soko litakapofunguliwa hawana cha kurudi nacho.

MAMBO YALIVYOKWENDA MWAKA 2020

Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 Machi kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Katika kaunti nyingi za kaskazini masoko ya mifugo yalifungwa kuanzia Machi na Aprili. Tarehe 6 Aprili ikapigwa marufuku kuingia Nairobi na kutoka, na marufuku hiyo ikadumu hadi Julai. Malori ya chakula yaliruhusiwa kupita, lakini mabasi ya abiria yalisimama, na mwenye jerikeni mbili za maziwa hana lori. Tarehe 6 Mei Eastleigh nayo ikafungwa peke yake, na ikakaa hivyo kwa muda wa mwezi mmoja. Kila amri kati ya hizo ilikuwa na sababu yake ya kiafya, nasi hatusemi kwamba ugonjwa haukuwa wa kweli. Tuliwazika jamaa zetu. Tunachouliza ni hiki: baada ya kumwambia mwananchi asiuze, serikali ilimwambia ale nini?

Jibu la serikali kuu tunalijua, maana lilisomwa kwa fahari kubwa. Kuanzia Aprili 2020 kodi ya ongezeko la thamani ilipunguzwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Mwenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi aliondolewa kodi ya mapato. Makampuni yalipunguziwa kodi kutoka asilimia 30 hadi 25. Kodi ya mauzo ya biashara ndogo ilishushwa kutoka asilimia 3 hadi 1. Tarehe 23 Mei ukatangazwa mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuufufua uchumi, na ndani yake mliwekwa shilingi bilioni 3 za kuanzisha udhamini wa mikopo ya biashara ndogo kupitia mabenki.

Sasa, ndugu msomaji, simama na orodha hiyo mbele ya kibanda cha chai cha Biliqo. Mwenye kibanda hana mshahara, kwa hiyo msamaha wa mishahara haumhusu. Hana kampuni. Mauzo yake ni madogo kuliko yale yanayotozwa kodi ya mauzo, basi hakupunguziwa chochote. Benki hana. Na hata ingekuwapo, mkopo wenye riba ni jambo ambalo dini yake, akiwa Mwislamu kama walivyo wengi wa majirani zake, yaweza kumkataza. Misaada yote ilipita juu ya kichwa chake kama ndege ya abiria. Ilipofika tarehe 1 Januari 2021, kodi ya ongezeko la thamani ikarudishwa kuwa asilimia 16, na sukari anayoinunua ikambebesha mzigo uleule wa awali.

Wakati huohuo, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali alipochunguza ununuzi wa vifaa vya korona uliofanywa na shirika la kitaifa la ugavi wa dawa, KEMSA, alifichua kasoro katika mikataba ya shilingi bilioni 7.8. Basi si kweli kwamba fedha hazikuwapo. Zilikuwapo kwa walioujua mlango.

Na kaunti, ambazo katiba yetu iliziweka karibu na wananchi kwa ajili ya saa kama hiyo, zilikuwa wapi? Kuanzia Julai 2020 kaunti zote ziliishi bila mgao mpya, kwa kuwa Seneti ilikuwa ikivutana juu ya namna ya kugawa fedha. Mvutano huo ulikwisha tarehe 17 Septemba, baada ya kikao kuahirishwa mara nyingi. Wanasiasa walikuwa wakihesabiana vichwa huku wachuuzi wakihesabu siku walizolala njaa.

Kabla majeraha hayo hayajapona, pigo la pili likaja. Mwezi Novemba 2020 mchungaji mmoja wa mifugo katika wadi ya Sericho, humu humu Isiolo, alipatikana na dalili za Homa ya Bonde la Ufa. Kufikia tarehe 4 Februari 2021 Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 32 nchini na vifo 11, wengi wa wagonjwa hao wakiwa wa Isiolo. Ugonjwa huu huja kwa mbu na kwa damu ya mnyama mgonjwa, na dawa ya kwanza ya serikali dhidi yake ni ileile siku zote: zuia kuchinja, zuia kuhamisha mifugo, funga soko. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mlipuko wa 2006 na 2007 ulikadiriwa na wataalamu kuwa uliigharimu Kenya zaidi ya shilingi bilioni 2. Ni nani aliyelipa? Ni mfugaji, dalali, mchinjaji na mama wa kibanda. Kisha, tangu mwisho wa 2020, mvua zikakosekana misimu mitano mfululizo, na nchi ikapoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Aliyeingia katika ukame ule akiwa tayari amekula mtaji wake aliingia vitani bila ngao.

KUFUNGWA KUNA KUMBUKUMBU

Wasomaji wetu wa Nairobi na Nyanza huenda wakashangaa kwa nini neno "karantini" huwachoma hivi watu wa Isiolo. Na wajue historia. Mji wa Isiolo wenyewe ulikua kama makao ya utawala wa kikoloni na kituo cha karantini ya mifugo. Mifugo ya kaskazini ilizuiwa kwa jina la afya, huku mifugo ya walowezi ikilindwa sokoni. Sheria ya wilaya maalum ya mwaka 1934 ilimfanya mtu wa kaskazini ahitaji ruhusa ili atembee katika nchi yake mwenyewe.

Uhuru ulipokuja, kufuli halikuondolewa. Katika vita vya Shifta, vilivyoanza 1963, Waborana walikusanywa kwa nguvu kambini Garba Tulla, Merti na Modogashe, na mifugo yao ikaangamia. Wao hukiita kipindi hicho Gaf Daba, wakati wa kuzuiwa. Sheria za hali ya hatari kaskazini ziliondolewa mwaka 1991, mwaka uleule tulipokifuta kile kifungu cha 2A kilichoifanya nchi kuwa mali ya chama kimoja. Ni watu wa namna hiyo walioambiwa mwaka 2020 wasitoke na wasiuze. Walitii. Lau serikali ingeijua kumbukumbu hiyo, ingetambua kwamba utii wao ulistahili kulipwa kwa haki.

Nasi tulio katika harakati hizi tangu zamani tunakumbuka pia vijana wa chama tawala wa miaka ya 1980, waliosimama milangoni mwa masoko na kudai kadi ya chama kabla mama hajatua kikapu chake. Tulipigania vyama vingi ili kadi ile isiwe tena leseni ya kula. Leo kadi haipo, lakini mahali pake pana orodha: orodha ya mwanasiasa huyu, orodha ya mzee yule. Msaada ukija kwa orodha isiyobandikwa ukutani, basi tumebadili rangi ya kadi tu.

SHERIA INASEMAJE

Wapo watakaotwambia kwamba kusaidia biashara ndogo wakati wa maradhi ni wema wa hiari. La hasha! Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti huduma za afya za kaunti, na papo hapo likazikabidhi masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika na minada ya mifugo. Maana yake ni kwamba serikali inayopaswa kuukinga ugonjwa ndiyo hiyohiyo inayotoza ushuru sokoni. Haiwezi kuvaa koti la daktari asubuhi ili ifunge soko, kisha jioni ivae koti la mtoza ushuru na kujifanya haijui kwamba soko limefungwa.

Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza malipo kwa huduma inazotoa. Soko lililofungwa linatoa huduma gani? Kifungu cha 210 kinasema kwamba leseni au kodi haiondolewi ila kwa sheria, na kila msamaha uandikwe katika kumbukumbu za umma pamoja na sababu yake, na upelekwe kwa Mkaguzi Mkuu. Kwa hiyo msamaha si peremende ya kugawiwa kwenye mkutano wa kampeni. Ni tendo la kisheria lenye saini na tarehe. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaipa kaunti uwezo wa kuanzisha mfuko wa dharura kwa mambo yanayotishia maisha, afya na ustawi wa watu. Atakayesema hana chombo atakuwa hajafungua sanduku lake.

Watasema: Biliqo ni mbali, na msaada hauwezi kufikishwa kwa haki huko. Tunawajibu kwa mfano wa Isiolo yenyewe. Kaunti hii ndiyo iliyotangulia nchini kujaribu mfuko wa kaunti wa mabadiliko ya tabianchi, ambamo asilimia 70 ya fedha hutengewa wadi, na kamati za wenyeji ndizo hupanga ni kisima kipi kikarabatiwe na ni malisho yapi yatunzwe. Ikiwa watu wa wadi wanaweza kuamua juu ya kisima, seuze kuwatambua wauza chai wao? Wanajuana kwa majina, kwa ukoo na kwa madeni.

Na asidhani mtu yeyote kwamba watu wa huko hawajui kudai. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi, kwamba hifadhi za wanyama za Biliqo-Bulesa na Cherab zilianzishwa kinyume cha sheria, bila umma kushirikishwa ipasavyo. Wanakijiji walikwenda mahakamani na wakasikilizwa. Wanaoweza kuitetea ardhi yao wataweza pia kulitetea soko lao.

MSAADA USIOMFANYA MTU MTUMWA

Hatutaki msaada wa aina yoyote ile. Wakristo na Waislamu tunamjua Yusufu, aliyeweka akiba ya nafaka katika miaka ya shibe ili Misri isife njaa. Tunamsifu kwa kuona mbele, na viongozi wetu wangejifunza kwake kwamba ghala hujengwa kabla ya dhiki. Lakini Biblia inatusimulia pia yaliyofuata: watu walileta fedha zao, kisha mifugo yao, kisha mashamba yao, mwisho wakajileta wenyewe wawe watumwa wa Farao, ili tu wapate chakula. Walishiba, lakini hawakuwa huru. Mchuuzi anayepewa mkopo wa riba ili alipe leseni ya soko lililofungwa yumo katika safari hiyohiyo. Mama anayepewa kilo mbili za unga mbele ya kamera, kisha akaombwa kura, yumo humo pia.

TUNADAI NINI

Kwanza, kila amri ya kufunga soko kwa sababu ya maradhi iandikwe sababu yake, muda wake na siku ya kuangaliwa upya, na iambatane na maelezo ya msaada utakaotolewa. Amri isiyotaja msaada ni nusu ya amri.

Pili, bunge la kaunti litunge sheria kwamba soko likifungwa, ushuru wake usimame siku hiyohiyo, na muda wa leseni ya biashara uongezwe kwa idadi ya siku zilizopotea. Kumbukumbu za misamaha hiyo ziwe wazi kwa yeyote anayetaka kuzisoma.

Tatu, kila wadi iwe na daftari la wafanyabiashara wadogo, wakiwemo wasio na leseni, lililoandikwa katika baraza la wananchi na kubandikwa msikitini, kanisani, shuleni na katika ofisi ya chifu. Jina likikosewa, lisahihishwe hadharani.

Nne, sehemu ya mfuko wa dharura itengwe iwe ruzuku ya mtaji, wala si mkopo, na itolewe na kamati ya wadi ambayo nusu yake ni wanawake, kwa maana wao ndio wenye vibanda na jerikeni.

Tano, wafanyabiashara wadogo wanaoidai kaunti kwa vitu walivyoiuzia walipwe kabla ya wakandarasi wakubwa. Kumlipa mtu haki yake ni msaada wa kwanza, na haugharimu hata senti moja ya ziada.

Sita, baada ya kila dharura, hesabu zisomwe katika baraza la wadi, kwa lugha ambayo watu wanaielewa, kabla hazijasomwa katika hoteli za Nairobi.

WAJIBU WETU

Tusiwanyoshee wengine vidole na kuisahau mikono yetu. Mwaka 2020, makanisa na misikiti ilipofungwa, viongozi wa dini waliundiwa baraza la kushauriana na serikali, na mwezi Julai milango ikaanza kufunguliwa kwa masharti. Lilikuwa jambo jema. Lakini je, tulipoketi mezani kuitetea mimbari, tulimtaja mama wa kibanda? Tuliuliza ni nani anayesema kwa niaba ya soko? Kanisa linalopigania milango yake lenyewe na kunyamazia mlango wa jirani limejisemea, halijatoa unabii.

Basi kila parokia na kila kundi la wanaharakati lifanye mambo matatu kabla ya bajeti ijayo ya kaunti. Muulize mwakilishi wa wadi yenu, kwa barua, kama kaunti ina mfuko wa dharura na uliwahi kutumika kwa nani. Kifungu cha 35 kinawapa haki ya kujibiwa. Nendeni kwenye vikao vya kuijadili bajeti, maana kiti kitupu humpigia kura aliyekuwepo. Na mkutane na Waislamu walio jirani zenu, muandike daftari la soko lenu wenyewe, kijiji kwa kijiji, bila kungoja kibali cha mtu.

Ugonjwa mwingine utakuja. Mvua kubwa zitaleta mbu, na mbu wataleta homa. Amri itafika Biliqo alfajiri, kama kawaida yake. Siku hiyo afisa atakapokuja kufunga mnada, na amkute mama wa kibanda ameshika nakala ya sheria na daftari lenye jina lake, naye amwambie kwa adabu: tumekubali kufunga kwa ajili ya afya ya wote, sasa tuonyeshe deni letu litalipwa lini.

Haki haiombwi. Hudaiwa, na hudaiwa mapema.